Nani Anamkamua Ng'ombe wa Marehemu?

Mke wangu tulimzika Jumanne. Jumatatu iliyofuata, alfajiri, nilimwona zizini anakamua ng'ombe.

Sijalewa. Pombe niliacha kabla hujazaliwa wewe unayesoma.

Shule niliishia la nne, msinicheke mwandiko. Tunafuga ng'ombe mmoja wa maziwa uani, katikati ya nyumba za watu. Marehemu alimwita Madam, maana haguswi ovyo. Kazi yangu majani na samadi. Kukamua, yeye.

Kifua ndicho kilimuua. Zahanati walisema dawa hakuna, njoo kesho.

Wakubwa wana kesho nyingi. Sisi tulikuwa na moja tu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mwenyekiti wa mtaa akabandika karatasi getini kwangu. Mifugo yote itoke ndani ya siku kumi na nne.

"Mwenyekiti, hata udongo wa kaburi haujakauka!"

"Shemeji, amri ya juu. Mimi natumwa tu."

Mbona hajawahi kutumwa alete dawa?

Nikaingia ndani na hasira zangu, nikafanya kosa la kijinga. Nikaosha zizi lote kwa sabuni kali. Nguo za marehemu nikazifungia sandukuni. Kanga yake ya kukamulia nikaitupa juu ya magunia ya pumba. Sikutaka kusikia harufu yake, nilikuwa naumia.

Madam, aliyekuwa akinipa kidogo kidogo siku za msiba, akagoma.

Nikigusa chuchu, teke. Ndoo kule, mimi huku. Kesho yake kiwele kimevimba, kina moto. Mfugaji anajua: maziwa yakigandia mle, ng'ombe huna. Na Madam ndiye jasho letu la miaka kumi na moja.

Jumapili asubuhi naingia na maji ya uvuguvugu nimkande.

Kiwele laini. Kitupu.

Kanga juu ya magunia imelowa maziwa.

Dada yangu, aliyekuja msibani, akashika kichwa. "Kaka, marehemu hajaridhika. Hama."

"Na ng'ombe nimpeleke wapi, chumbani kwako?"

Mdomo ulijibu hivyo. Usiku nililala taa inawaka.

Jumatatu nikajibanza nyuma ya pipa la maji, reki mkononi. Kweupe kunaanza. Kageti ka nyuma kakalia kwii.

Akaingia. Akapita gizani nyuma ya magunia, akatokea na kanga ile, gubigubi kuanzia kichwani. Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuimba wimbo puani.

Wimbo wa marehemu. Ule ule.

Madam katulia anacheua. Chwaa, chwaa, kwenye ndoo.

Sitawaficha, suruali ililowa. Reki ikanidondoka.

"Mke wangu, nisamehe," nikalia. "Sikukuacha makusudi. Dawa walininyima."

Mzimu ukaruka. Kanga ikaanguka.

Upara. Masharubu.

Mwenyekiti!

"Shemeji, nakuomba, usipige kelele!"

"Wewe? Kwenye kanga ya mke wangu?"

Akakaa kwenye samadi, mtu mzima. "Ni mjukuu wangu. Maziwa mengine yote anatapika, na chakula bado hali. Marehemu alikuwa anamletea kila siku. Yeye ndiye alimwambia mke wangu, huyu Madam bila kanga hii na wimbo huu hatoi hata tone."

"Si ungeniomba?"

"Ningekuombaje, na karatasi nimebandika mwenyewe?"

Nilitaka kumpiga. Nikatazama kiwele. Aliyekuja kuiba ndiye aliyeniokolea ng'ombe.

"Malizia," nikamwambia. "Usimwachie maziwa ndani."

Kesho yake kanga nikaivaa mimi, na wimbo nikauimba. Madam alinitazama juu mpaka chini, kisha akaachia. Nilikamua huku nalia. Chupa moja nikampelekea mtoto, maana mtoto hana kosa.

Siku ya kumi na nne lori likaja. Likabeba nguruwe wa jirani. Likabeba mbuzi wa fundi cherehani, mbuzi wanalia kama watu. Getini kwangu likapita kama hapana geti.

Fundi cherehani hanisalimii tena. Anadhani nimeuza wenzangu.

Ndugu zangu, mkubwa akikuhurumia, angalia kwanza ananyonya wapi.

Mzimu siuogopi tena. Ila juzi nimepeleka chupa, nikamkuta yule mtoto ameshika mkate, anatafuna, babu yake anachekelea.

Tangu hapo usingizi sina.