Mkia Ambao Sikuuandika

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika nisichokiona. Nikifumba macho hakuna kitu. Si sura ya mama, si ng'ombe wetu. Giza tu. Hadi namaliza kidato cha nne niliamini watu wakisema "nimepata picha" ni maneno tu. Nilipojua kwamba wenzangu wanaona kweli, niliogopa. Tangu darasa la tatu nilisoma hadithi nikacheka na kulia nazo. Kumbe nilikuwa nasoma nusu? Basi nikajaza madaftari yangu pua, nyusi na rangi nilizookota katika vitabu vya watu. Niliurudia kila ukurasa mara tano, sita, na bado ulikuwa umekufa.

Mwaka jana nilienda kijijini Robanda, jirani na hifadhi ya Serengeti, kumsaidia shangazi yangu kuvuna mahindi. Nilikuwa nimejiwekea sharti: nimsomee hadithi moja, isipomgusa niache kuandika. Nikaanza tukiwa uani tunapukuchua. Ilihusu tembo aliyeingia shambani mwa mwanamke mmoja, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa macho, ngozi na pembe.

"We baba," akanikatiza, "huyo ni tembo, au kuna fahali unamnadi mnadani?"

Akacheka. Nikaruka hadi kipande nilichokionea aibu, kwa kuwa hakikuwa na sura yoyote: mbwa wananyamaza ghafla, mabua yanavunjika moja moja, harufu ya majani mabichi inafika mlangoni, mwanamke ameshika debe la kufukuzia tembo na hathubutu kulipiga.

Shangazi aliacha kupukuchua.

"Ndiye huyohuyo anayetuvamia hapa," akasema. "Mwenye mkia uliokatika."

"Shangazi, mkia sijauandika."

"Nimemwona, anageuka hapo. Soma basi, anaelekea wapi?"

Nilikuwa nimempa sauti na harufu tu, naye alikuwa na mnyama mzima, amesimama pale uani kati yetu, na mimi niliyemleta simwoni.

"Na yule mwanamke, umemwona anafananaje?"

"Nimwoneje?" akashangaa. "Si ndiye mimi huyo."

Hivyo ndivyo nilivyosoma maisha yangu yote: simwoni mtu, nakuwa yeye. Haikuwa nusu.

Sijaacha kuandika. Siazimi tena maelezo ya watu. Naandika sauti, harufu na woga, na yanayobaki namwachia msomaji.