Asidi Tumboni mwa Ng'ombe wa Ulemo

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo wa Wilaya hakunionyesha ng'ombe. Alinipa kikopo cha karatasi za kupimia asidi, akasema nizilinde na unyevu kuliko ninavyoulinda mshahara wangu. Siku hiyohiyo aliripoti Elipendo, msichana wa Kinyiramba niliyemaliza naye chuo. Akatoa shikamoo, na mzee akakaa kumuuliza habari za kwao mpaka chai ikapoa. Mimi sikuulizwa hata nimetoka wapi. Wivu ulianza hapo, kabla sijavua koti.

Nyie vijana mnaodhani ng'ombe ni nyama na ngozi, sikilizeni. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, na maji hayo yana kiasi chake cha uchachu. Tumboni mna vijidudu vinavyochachusha majani, na humo hutoka asidi. Anapocheua, mate yake, yenye chumvichumvi ya jamii ya magadi, hushuka kuipunguza makali. Akila nafaka nyingi kwa mkupuo, asidi huyashinda mate. Tumbo linavuta maji kutoka kwenye damu, na mnyama anakauka huku tumbo limejaa maji. Karatasi ikiwa ya kijani iliyoingia unjano, ni mzima. Ikiwa rangi ya chungwa, kazi ipo.

Tulipangiwa Ulemo pamoja, enzi za vijiji vya ujamaa. Bwana Mifugo alikuwa ametuambia kwamba mmoja wetu angepelekwa kusomea stashahada. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula hakinipandi. Elipendo naye aliitaka, ila yeye alifanya kazi huku akiimba, na wenye ng'ombe walimletea maziwa bila kuombwa. Roho iliniuma, sifichi.

Asubuhi moja ng'ombe wa kijiji walivunja uzio wakavamia mtama wa shamba la ujamaa, uliorundikwa kiwanjani kusubiri kupurwa. Tulipofika, wengine walikuwa chini, macho yamezama, wanasaga meno. Nilipitisha mpira kooni, nikavuta maji ya tumboni, nikachovya karatasi. Ikawa nyekundu. Watu walikuwa wanakimbilia ndoo kwa kuona ng'ombe wana kiu, nikawazuia, maana wangekunywa kupita kiasi na kujiua. Nikakoroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu, tukawanywesha kwa chupa, mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi ikarudi kijani iliyoingia unjano.

Kesho yake walikuwa hai, lakini hawakucheua, kwa sababu asidi ilikuwa imeua vijidudu vyao. Nikamwambia Elipendo tuwape cheuo, yaani majani aliyokwisha kuyatafuna ng'ombe mzima, ili vijidudu vyake viwe mbegu. Yeye akaanza, mimi nikaenda kisimani kuosha mpira na chupa. Ndipo gari la Bwana Mifugo likaingia. Nikarudi nikamkuta mkubwa amesimama anatabasamu, Elipendo mkono umezama kinywani mwa fahali, wagonjwa wawili wameanza kucheua, akina mama wanapiga vigelegele. Haki ya Mungu, ningeweza kuzivunja chupa zote.

Nikasogea nikingoja Elipendo anyamaze apokee sifa. Hakunyamaza.

"Mzee, mimi nimefuata tu," alisema. "Aliyepima, akachanganya magadi, akaniambia na hili la cheuo, ni Ndugu Ramadhani."

Bwana Mifugo akanipa mkono kwa mara ya kwanza tangu anijue.

"Basi Ndugu Ramadhani siwezi kumtoa hapa," akasema. "Kijiji nitamwachia nani? Elipendo, jiandae kwenda chuo."

Nilibaki Ulemo miaka mingi, nikahamishiwa Sekenke, kisha mjini. Elipendo alirudi na stashahada yake, akapanda cheo, na miaka yangu ya mwisho kazini ndiye aliyekuwa mkuu wangu. Nilisimama alipoingia, nikamwita Mama. Siku ya kuniaga alisimulia habari ya Ulemo neno kwa neno, bila kujiongezea hata tone, na ukumbi ukapiga makofi.

Sasa nimestaafu, nipo Utemini, hukuhuku mjini. Watu husema wivu hupungua na uzee. Wangu umekataa. Kila sikukuu Elipendo huja kunijulia hali, huniletea asali, hunisifu mbele ya wajukuu zangu. Wao humpenda sana. Laiti siku ile angeniibia sifa zangu. Mwizi ningekuwa nimeshamsamehe zamani.