Tumbo Langu na Unga wa Mama Zakaria

Nilipokuwa mtoto kule Rangwi, bibi yangu alinishika sikio akaniapisha kwamba jambo hili sitamwambia mtu yeyote, na hasa katekista. Bibi sasa yuko kaburini, katekista naye hayupo, na mimi nimezeeka na mdomo wangu umekuwa mwepesi. Kwa hiyo na wewe apa kwanza kwamba utakachosoma hapa kitaishia hapa. Umeapa? Haya. Bibi yangu, mwenye rozari shingoni na nafasi yake benchi la mbele kanisani, alimwita mganga nyumbani kwetu mchana kweupe, na majirani wakajaa uani.

Chanzo kilikuwa tumbo langu.

Miaka ile ya Ujamaa baba na mama walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, mimi nikaachwa mlimani na bibi. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Shuleni kwetu akaja mwalimu mgeni kutoka Tabora, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, Kiswahili chake kinateleza kama maji. Kila asubuhi alimwita mtoto mmoja mbele aeleze jana yake ilikuwaje. Zamu yangu ilipofika nikasema nilichuma maharage, nikarudi nyumbani, nikala bada. Mwalimu akauliza bada ndiyo nini. Ni ugali tu, ndivyo tunavyouita Kishambaa, lakini neno la Kiswahili lilinitoroka nikabaki nimesimama kama kigingi. Darasa zima likacheka, pamoja na wale waliokuwa wamekula bada usiku uleule. Tangu hapo nikaitwa Bada. Jina langu la ubatizo, Apolonia, likafa. Mwalimu akasema hakuna neno, nitaitwa tena siku nyingine nijaribu.

Hakusema siku gani. Hilo ndilo lililonimaliza.

Kesho yake nilitoka nyumbani mzima. Nikavuka kijito, nikapanda kilima, nikafika kwenye kona ya mikaratusi ambapo bati la shule linaanza kuonekana. Hapo tumbo likanikata. Moyo ulienda mbio mpaka nikausikia masikioni. Vidole vikawa vya baridi, viganja vinatoka jasho, miguu ikalegea kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Uji wote nikautapikia kwenye majani. Ikawa hivyo kila siku, kona ileile. Baadaye tumbo halikungoja kona tena, likaanza nikiwa bado nimejifunika blanketi, nikisikia tu bibi anavunja kuni za asubuhi, mpaka akaacha kunituma shule. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mzima, nakula na kuomba kuongezwa, wala hakuna aliyelitilia maanani.

Naomba tuelewane hapa, maana nimesikia watu wazima wakisema mtoto wa namna hiyo anajifanya. Sikujifanya. Tumbo liliuma kweli, na matapishi yalikuwa matapishi. Nilijua kwamba linaanzia shuleni, lakini sikujua kwamba woga unaweza kushuka ukakaa tumboni kama chakula.

Bibi alisema ni mchango. Kwetu mchango ni ule ugonjwa wa tumbo unaonyonga matumbo, na dawa yake ni mizizi michungu inayochemshwa hadi maji yawe meusi. Nilikunywa wiki mbili bila nafuu. Basi siku moja bibi akajifunga kanga mbili akaenda mwenyewe kumwuliza mwalimu, maana mwalimu ni msomi, atajua. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia viazi. Akamwuliza habari za huyu mtoto, je, ana mchango? Mwalimu wa watu akadhani anaulizwa kama mtoto anachangia darasani. Akajibu kwa heshima zote:

"Kusema kweli, bibi, mtoto huyu hana mchango kabisa."

Bibi alirudi nyumbani uso umebadilika rangi. Mwalimu amesema si mchango. Kama si mchango, basi ni mkono wa mtu. Akaanza kuhesabu nani amenipa nini, akafika kwa Mama Zakaria, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye wiki niliyoanza kuugua alinipa peasi mbili njiani. Na peasi nilikuwa nimezila kweli.

Mimi napenda umbeya, sikufichi, lakini ule sikuupenda. Ulienda kisimani ukarudi na miguu sita. Mara Mama Zakaria ameonekana akiongea na kinyonga uani, mara mumewe hakufa kifo cha kawaida. Kwenye shamba la kijiji wanawake wakawa hawalimi mstari mmoja naye. Nilipomwamkia "Shikamoo, mama," aliniitikia "Marahaba, mwanangu," huku akitazama pembeni aone nani anatuona. Siku hiyo tumbo liliniuma bila shule kuwapo. Nikiwa kimya, yeye ndiye anayemalizika. Nikisema, bibi atanirudisha shuleni kusimama mbele. Nikanyamaza. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ninachokifanya.

Mganga alitoka upande wa Mlalo, mzee mfupi mwenye koti la kijeshi. Majirani walikuja kila mmoja na kisingizio chake. Balozi wa nyumba kumi alisema anamtafuta mbuzi wake, na mbuzi tulikuwa tunamwona amefungwa kwake palepale ng'ambo. Mama Zakaria aliitwa akaja peke yake, amevaa gauni lake la kanisani.

Mganga akaeleza kazi yake. Kila mtu atapewa unga mkavu wa mahindi kwenye jani la mgomba. Atauweka kinywani, atakaa nao mpaka atakapoambiwa, kisha autemee kwenye jani. Unga uliolowa, mwenyewe ni safi. Unga uliobaki mkavu kama ulivyoingia, huyo ndiye. Na mgonjwa mwenyewe ndiye anayegawa majani, ili mkono wake upite mbele ya adui.

Nikaanza kugawa. Nilipofika kwa Mama Zakaria nikaona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, vidole vimekuwa vya majivu, na alikuwa anameza, anameza, wala hakuna anachomeza. Analamba midomo na ulimi hauachi unyevu. Nikaijua hali ile. Ilikuwa yangu mimi, ya pale mbele ya darasa, wakati ulimi unapogeuka kipande cha gome. Yule mama hakuwa na mate. Hakuwa na hatia wala mate, na watu wote wale walikuwa wamekaa wanamngojea atoe unga mkavu.

Wengine walikwisha kuweka wa kwao kinywani. Balozi alikuwa amevimba mashavu yote mawili, na siku nyingine ningecheka. Mganga alikuwa amefumba macho akitikisa kibuyu chake. Nikainama juu ya jani la Mama Zakaria kama ninaliweka vizuri, nikajaribu kuutemea mate ule unga wake.

Hayakuja. Nilivuta kutoka kooni, nilijiuma shavu kwa ndani, hayakuja. Kinywa changu kilikuwa kikavu kuliko unga wenyewe.

Mama Zakaria akaniangalia. Nadhani alielewa ninachotaka kufanya, maana aliliinua jani lake polepole akilileta karibu nami. Nyuma yangu kulikuwa na beseni la maji aliyonawia mganga. Nikarudi nyuma hatua moja, nikachovya upindo wa gauni langu ndani ya maji, nikarudi, nikaanza kukamua juu ya unga na kuuchanganya kwa vidole.

Ningefanya haraka ningefaulu. Lakini vidole vilikuwa na ganzi, na kibuyu kilikuwa kimenyamaza bila mimi kujua.

Mganga alinishika kifundo cha mkono akauinua juu. Unga uliokandika ulikuwa umenijaa vidoleni mpaka kwenye kucha, na maji yanachuruzika yakiingia kwapani. Watu wote wakautazama ule mkono. Walikuwa zaidi ya darasa langu lote, na kila mmoja ana unga kinywani, kwa hiyo hakukuwa na wa kusema neno. Bibi peke yake ndiye aliyetema.

"Polo," akasema, "unafanya nini?"

Tumbo likanikata kama pale kwenye kona. Kila kitu kilichokuwa kinanitisha kilikuwa mbele yangu: nimesimama, natazamwa, nangojewa niseme. Leo nina wajukuu, na mmoja wao akishika tumbo asubuhi simpi kitu cha kunywa kabla sijamwuliza anaogopa nini na kungoja jibu, hata kama gari la shule litamwacha. Mimi siku ile nilijiuliza mwenyewe, na jibu nililipata mkono wangu ukiwa bado juu.

Nikasema kwamba hakuna aliyeniroga. Nikasema ni shule, naogopa kuitwa mbele, wananicheka. Nikasema Mama Zakaria hana kitu, naye anaogopa tu.

"Umejuaje kama anaogopa?" bibi akauliza.

"Mate yake yamekauka, bibi. Kama yangu."

Nikafungua kinywa, nikatoa ulimi, nikawageukia mmoja mmoja ili wote waone.