Nani Atakwenda Kumwambia Mkewe?

Kibanda cha fundi vitasa na duka la kinyozi vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Kinyozi akiwasha televisheni, fundi alisikia risasi zote bila kunyolewa hata unywele mmoja. Lakini kusikia hakukumtosha. Bunduki ya tatu ikilia, aliweka tupa chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kusimama mlangoni kwa jirani yake kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Watu walimwita Mzee Bawaba. Uzee wenyewe hakuwa nao, miaka hamsini na miwili tu, ila jina la bawaba alijitafutia mwenyewe. Filamu yoyote ya mapigano ilikuwa haifiki dakika ya kumi kabla hajapiga kelele: "Tazama bawaba! Bawaba ziko upande wake! Mlango huo unavutwa, yeye anaupigaje teke?" Kinyozi alishazoea. Wateja wageni ndio walioshtuka, na si vizuri mtu kushtuka wembe ukiwa shingoni.

Hata hivyo, kesi yake kubwa haikuwa milango, ilikuwa walinzi. Shujaa anaingia kwenye jengo la adui, anaangusha walinzi arobaini, mmoja ngazini, mmoja kwenye lifti, kisha anapangusa koti na kwenda kula chakula cha jioni na mchumba. Hapo Bawaba alikuwa hana simile.

"Yule wa ngazini, aliyedondokwa na kofia," alisema. "Ametoka kwake asubuhi kwenda kazini kama mimi na wewe. Nani atakwenda kumwambia mkewe?"

"Mzee, hii ni muvi," kinyozi alimjibu.

"Najua ni muvi. Ndiyo nauliza. Aliyeitunga hajui kwamba mtu akifa, kuna mlango mahali unagongwa?"

Duka zima lilicheka. Swali lake likageuka utani wa mtaa. Mchezaji akitolewa kwa kadi nyekundu, mtu hakosi kuuliza nani atakwenda kumwambia mkewe. Bawaba mwenyewe alicheka nao, akarudi kwenye tupa yake.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, na huko mambo yao yalikuwa gemu za kutisha. Yalianza baada ya msiba. Mke wa Bawaba alifariki binti akiwa na miaka tisa, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba waliogopa kuweka kijiko mezani. Mteja mmoja aliyekuwa anahama akawaachia mashine yake ya gemu na diski tatu, zote za majini na nyumba zenye giza. Baba alijaribu kucheza, akashindwa. Vidole vyake vilivyoweza kuhisi pini ndogo ikikaa mahali pake ndani ya kitasa, vikishika padi vilikuwa kama vya kuazima. Basi mtoto akawa anacheza, na baba anakaa ubavuni kumwangalizia nyuma. Ajabu ni kwamba watu wawili waliokuwa na hofu ya kweli ndani ya nyumba yao walipata nafuu kwa kuogopa ya uongo.

Huko nako Bawaba hakukosa maoni. Alipenda gemu inayosema kidogo. Unaingia jikoni, unakuta meza ina sahani nne na kiti kimoja kimeanguka. Kwenye fremu ya mlango kuna alama za penseli za kumpimia mtoto urefu, na alama zinaishia usawa wa kiuno. "Simama hapo," alimwambia bintiye. "Usikimbie. Umeshahadithiwa yote." Asichopenda ni jini linalotoa hotuba. Jini likishaanza kueleza lilizaliwa wapi na nani alilikosea, alisema, hilo si jini tena, ni mpangaji.

Na kilichomkosha kuliko vyote ni kile walichokiita chumba cha taa. Katika gemu nzuri kuna chumba kidogo chenye taa na muziki wa taratibu, ambamo jini haliingii, na humo ndimo unapohifadhi safari yako. Mtunzi asiyekupa mahali pa kuvuta pumzi, alisema Bawaba, hajui hofu, anajua makelele. Lakini ukikaa humo moja kwa moja, hadithi nayo inakaa. "Sasa angalia ufundi," alimwambia. "Mtunzi hodari hakufukuzi. Anaweka kitu nje, unakitaka kuliko unavyoogopa."

Binti alipofikisha miaka kumi na minane, baba alimfungia kitasa kwenye mlango wa chumba chake, cha pini saba, kile alichokuwa akiwafungia wauza dhahabu tu. Akamkabidhi funguo zote mbili. "Kazi yangu ni kufungua milango ya watu," alimwambia. "Huu sitaufungua. Neno langu." Mwaka uliofuata binti akaingia chuo cha uuguzi. Gemu waliyokuwa wanacheza ikabaki katikati, kwa makubaliano kwamba hakuna atakayeendelea bila mwenzake.

Ndipo ikaja ile Alhamisi. Binti alirudi kutoka hospitali mchana, sare nyeupe bado mwilini, akaingia chumbani na kufunga. Baba aligonga, akajibiwa, "Nipo, baba." Ijumaa aligonga tena, akajibiwa hivyo hivyo. Alipokuwa kibandani binti alitoka, maana jioni Bawaba aliisoma nyumba kama alivyozoea kusoma zile za kwenye gemu: kikombe kimefudikizwa, mkate umekatwa kipande kimoja chembamba, taulo lina unyevu. Anaishi, lakini hali kitu cha maana.

Jumamosi mwalimu wa chuo akapiga simu. Alizungumza kwa upole. Mgonjwa mmoja alifariki mikononi mwa binti, alisema, na binti hakukosea kitu chochote. Ila kanuni ni kanuni: Jumatatu saa moja asubuhi asipofika wodini, nafasi yake atapewa mwingine. Bawaba aliupeleka ujumbe mlangoni, neno kwa neno. Ndani hakukujibiwa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana akaja dada yake, shangazi wa binti, mwanamke asiye na subira na milango. Aligonga, akabembeleza, akafoka, akarudi sebuleni akihema.

"Mdogo wangu, watu wanakuita ufungue masefu. Mlango wa mwanao umekushinda?"

"Haujanishinda, dada. Niliahidi."

"Ahadi! Mtoto anakonda, kesho anafukuzwa chuo, wewe umekalia ahadi. Mganga hajigangi, leo nimeamini."

Alipoondoka, Bawaba alifanya jambo ambalo baadaye alilionea haya. Alitoa pini zake za kufungulia vitasa kwenye mkoba, akapiga magoti mbele ya kitasa alichokifunga kwa mkono wake. Dakika nne zingemtosha, hata ufunguo ukiwa upande wa ndani. Akaingiza pini ya kwanza. Akawaza: nikishafungua, nitakuwa nimeingia, yeye atakuwa hajatoka. Akaichomoa polepole, akazikunja zana zake, akaenda kukaa mbele ya televisheni. Akawasha mashine. Akaivunja ahadi ile nyingine, ndogo.

"Nimeingia jikoni," alisema kwa sauti, kana kwamba anamhadithia mtu aliyeketi ubavuni. "Kuna kabati. Nalifungua kabati." Ukelele ukapasua nyumba. "Nimekufa," akatangaza. "Naanza tena."

Alikufa kabatini, akafa kwenye ngazi, akafa amesimama akiutazama ukuta kwa sababu alishindwa kujigeuza. Alikuwa haigizi, masikini, ndivyo alivyocheza. Jasho lilimtoka. Alipokufa mara ya tisa, sauti ilitoka nyuma ya mlango, imekauka kwa kutotumika.

"Usifungue kabati, baba."

Bawaba aliishusha padi. Akajifanya kiziwi. "Eti?"

"Zima tochi kwanza. Linakuona kwa sababu ya tochi."

"Tochi inazimwa wapi?"

"Kitufe cha kulia, juu."

"Hapa juu viko viwili, mama."

Ufunguo ukazunguka. Bawaba angeutambua mlio huo hata usingizini, pini saba, moja baada ya nyingine. Hakugeuza kichwa. Binti alikuja akakaa mahali pake, amevaa sare ile ile, akaichukua padi mikononi mwake. Akazima tochi, akampitisha yule mtu wao jikoni taratibu, akamfikisha chumba cha taa. Muziki ule wa polepole ukaanza. Akaiweka padi mapajani.

"Umekufa mara ngapi?"

"Tisa."

"Na kila mara unaanza upya."

"Ndivyo walivyotengeneza."

"Kule hakuna kuanza upya, baba."

Bawaba aliutaka mkono wake, akaushika. "Nihadithie," alisema. "Tangu mwanzo. Usiruke chumba hata kimoja."

Binti akahadithia. Mgonjwa alikuwa mzee, fundi wa rangi mstaafu, kitanda cha karibu na dirisha. Tangu siku ya kwanza alilalamikia kuta za wodi, kwamba waliozipaka hawakupiga msasa, na akamwonyesha binti kila mahali brashi ilipoteleza. "Alikuwa na maneno kama wewe," alisema, na kwa mara ya kwanza akataka kutabasamu. Alhamisi asubuhi alikuwa anamkata kucha. Vilibaki vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Mzee akanyamaza katikati ya sentensi, na binti akadhani anatafuta neno. Aliita wakubwa, wakaja mbio, wakafanya yote ya kufanywa, ikashindikana. Kisha wakaitwa kitanda kingine, wakaondoka mbio vile vile.

"Saa ya kutazama wagonjwa mkewe akaja. Amemletea nguo safi za kulalia, amezipiga pasi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Daktari yuko chumba cha upasuaji, dada mkuu wa wodi hayupo. Akanikuta mimi. Akaniuliza, 'Mwanangu, wamemhamisha kitanda?'" Binti aliigeuza padi mapajani. "Nikakusikia wewe, baba. Nikakusikia unavyouliza pale kwa kinyozi, na watu wote wanacheka. Nani atakwenda kumwambia mkewe? Ni mimi. Mimi ndiye niliyekwenda."

Kicheko cha duka zima kilimrudia Mzee Bawaba masikioni, na kilimwuma.

"Ulimwambia umesimama," aliuliza, "au umekaa?"

Binti alimtazama. "Tulikaa. Kwenye benchi la korido. Nilimshikia zile nguo, zilikuwa zinamdondoka."

Basi baba akalia, waziwazi, bila kuficha uso. Binti aliogopa, maana hata kwenye mazishi hakumwona hivyo.

"Siku ya mama yako," alisema alipoweza, "nilikuwa kwenye benchi kama hilo, na mfuko wa machungwa. Wakubwa walipita, wakapita tena. Akatoka binti mmoja, mwuguzi mdogo tu, soksi moja imemteremka. Akaja akakaa. Hakusimama juu yangu. Alichosema sikikumbuki hata neno moja. Nakumbuka alikaa mpaka nikaweza kuinuka. Miaka kumi na moja hii, jina lake silijui, na hakuna siku nisiyomwombea."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nauliza kwenye muvi."

Binti akaegemeza kichwa begani kwa baba. "Nilidhani nimemfanyia ubaya yule mama," alisema. "Alilia sana."

"Na mimi nililia sana."

Hawakucheza tena siku ile. Mtu wao alibaki ndani ya chumba cha taa, muziki unazunguka, na wao wakala mkate wote uliobaki. Kabla jua halijazama binti alivua ile sare, akaifua, akaianika, akamwuliza baba pasi iko wapi.

Jumatatu, kwa kinyozi, filamu ilikuwa imeshaanza. Mlango ulipigwa teke, bawaba zikiwa upande usiofaa, na Bawaba hakusema kitu. Mlinzi akaporomoka ngazini, kofia ikabingirika. Kinyozi akasimamisha mashine ya kunyolea, wateja wakageuka kumtazama aliyesimama mlangoni, wote wameshaandaa kicheko.

"Haya, mzee, uliza basi," kinyozi alimchokoza. "Nani atakwenda kumwambia mkewe?"

Bawaba alikuwa anaifuta tupa yake kwa aproni, taratibu.

"Yupo," alisema. "Ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, sare ameipiga pasi mwenyewe."