Tundu Nililoliziba Lundo

Nakumbuka siku moja nikiwa kijana, mwanangu, niliziba tundu ambalo fundi aliliacha wazi kwa makusudi, nikajiona hodari.

Nilikuwa nimeteremka kutoka milima ya Mbinga kuja Lundo, kando ya ziwa, kukaa na dada yangu, aliyeolewa na Mnyasa mmoja mwenye boti ya kubeba abiria. Kipindi cha mvua mito huleta tope na mchanga ziwani. Kwa hiyo kila jioni shemeji aliifungua mashine kutoka kwenye boti, akaining'iniza kwenye boriti, mguu wa mashine wenye pangaboi akautumbukiza ndani ya pipa la maji safi, kisha akaiwasha kidogo ili isafike ndani. Siku hiyo aliitwa msibani, kazi akaniachia mimi.

Mashine ilipowaka nikaona maji yanachuruzika ubavuni, mstari mwembamba kama wa mtoto anayekojoa. Nikashtuka. Sisi Wamatengo, kama hujui, tunalima ngoro: tunachimba mashimo mlima mzima ili mvua isiteremke bure. Nimekula fimbo za baba kwa sababu ya maji yaliyonitoroka shambani. Nikakata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakisokota, nikakisukumia tunduni. Maji yakakoma. Nikazima mashine, nikanyamaza. Nilitaka shemeji agundue mwenyewe, maana ndugu zake walishazoea kunitania kwamba mtu wa milimani akifika ziwani ni mzigo tu.

Asubuhi dada alipanda boti na mwanawe mchanga aliyekuwa anawaka homa, wawahi hospitali kule Liuli. Shemeji aliwasha mashine huku akibishana na abiria mmoja kuhusu gunia la dagaa wa usipa, wala hakutazama nyuma. Mimi nilibaki ufukweni na mama mzazi wa shemeji, bibi mkimya ambaye mpaka siku ile alikuwa hajaniambia neno zaidi ya kuitikia shikamoo yangu. Ghafla akaingia majini na kitenge chake, mpaka kiunoni, akipiga kelele.

"Zima! We baba, zima mashine! Maji hayatoki!"

Shemeji akazima. Alipogusa mfuniko wa mashine aliuondoa mkono upesi, jinsi ulivyokuwa wa moto. Akachokonoa tundu kwa msumari, kipande changu cha tyubu kikatoka.

"Nani kaweka hiki?"

Nisikudanganye, ningeweza kunyamaza mpaka leo, ila mtoto alikuwa analia na dada alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ni mimi, shemeji. Niliona inavuja."

Nilitegemea matusi, na nilistahili. Aliyejibu ni bibi, huku akikamua kitenge.

"Hayo ndiyo maji yanayoipoza mashine, mwanangu. Sisi tunaobaki hapa ufukweni hatutazami kitu kingine. Yakitoka, tunajua watu wetu watarudi. Uliona kasoro, sawa. Mbona hukuuliza hata mtu mmoja?"

Mashine ikapoa, wakaondoka polepole, na mtoto akapona. Lakini nilijua vizuri pale wangekuwa wapi mashine ingekwama katikati ya ziwa, upepo mkali wa mwera umeshaanza, na mtoto yule mikononi mwa dada. Jambo hilo nalijua mpaka sasa, na bado linanisumbua.

Mtu mvivu asingelifanya kosa lile. Mimi nilikuwa na bidii, tena na akili za nyumbani, zinazofaa kabisa kwenye mlima wetu. Nilichokosa ni unyenyekevu wa kwenda kwa bibi yule na kumwuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapoingia kwenye kazi ya watu, ukakuta jambo usilolielewa, usikimbilie kulitengeneza ili usifiwe. Uliza. Watacheka, wacheke. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, usingoje mwingine aingie majini kwa ajili yako.

Mungu akujalie wenyeji wema wa kukuelekeza, akupe moyo wa kuwasikiliza, na asiruhusu hata siku moja mtoto wa mwenzio alipie ukimya wako.