Mbunge alimuuliza ami yangu mara moja tu, naye akasema "hapana, ahsante"

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo.

Mie humu ni msomaji wa kimya kimya, sijawahi kuacha hata comment. Mambo yangu huwa naandika kwenye diary kisha nafunga droo. Ila hili nimeona nilitoe. Lilitokea mbele ya macho yangu, sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, na ofisi siitaji.

Nina miaka kumi na saba, naishi Lewisham, London. Tulikuja kutoka Pemba nikiwa mdogo.

Skuli yetu ina wiki ya work experience, mwanafunzi anapelekwa mahali kuonja kazi. Rafiki yangu alipelekwa saluni. Mimi nikapangiwa ofisi ya mbunge, na sikuiomba. Nadhani mwalimu alitaka aibu initoke, maana darasani naweza kumaliza term nzima sijanyoosha mkono.

Kazi ilikuwa kufungua bahasha, kuchemsha chai, na kupokea simu. Simu niliziogopa. Ikilia najifanya natafuta kijiko.

Basi Ijumaa, Denise, mama anayesimamia ofisi, akaniambia: "Leo wanakuja watu wa chama cha wafanyakazi wa ujenzi. Utakaa pembeni uandike notes. Kuongea tuachie sisi."

Mie nilishajua kuwa wanakuja, kwa sababu mmoja wao ni ami yangu, Seif, mdogo wake baba.

Ami Seif ni fundi wa kukata mawe yale yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni, worktop. Siyo mawe ya mlimani, ni ya kiwandani, yanang'aa kama kioo. Ukiyakata makavu yanatoa vumbi jeupe jembamba kama poda ya mtoto. Ami akirudi kazini kope zake nyeupe.

Mwenzake aliyekuwa anakata mashine ya pembeni yake ameacha kazi. Mapafu. Kupanda ngazi za kwao hawezi bila kupumzika katikati.

Na ami mwenyewe anakohoa tangu baridi iishe. Mama akimuuliza anasema, "Hali ya hewa tu hii, shemeji."

Sasa usiku wa kuamkia Ijumaa akaja kwetu, akaniita jikoni.

"Sikiliza. Kesho pale ofisini mimi na wewe hatujuani. Umesikia?"

"Kwa nini, Ami?"

"Nisije nikaambiwa nimeingia kwa kujuana. Hii si nyumbani."

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka.

Ngoja niwaeleze kidogo hapa, maana mie mwenyewe sikuwa najua. Nilidhani chama cha wafanyakazi kinakwenda kwa mbunge na kuomba kila kitu. Kumbe la. Tawi linakaa, watu wanabishana, wanachagua mambo machache wanayotaka yaingie kwenye sheria. Mengine yanasubiri. Joto la kiangazi kwenye site lilikosa kura, ingawa watu wanazimia. Ami alipigania vumbi, likapita kwa shida. Na walikubaliana kuwa kila mmoja atasema lake. Lisiposemwa mbele ya mbunge, tawi linaliweka kando na kuchukua jingine.

Kwa hiyo vumbi lilikuwa mikononi mwa ami.

Wakaja watatu. Kevin, katibu wa tawi, mzee wa Ireland mwenye sauti kubwa. Mirela, fundi wa kupaka rangi kutoka Romania. Na ami, amevaa koti lake la Eid. Akanipita kama ananiona mara ya kwanza duniani. "Good morning, miss," akasema. Nikauma mdomo.

Kevin akaanza. Alitaka sheria ikomeshe mchezo wa kuwaita watu self-employed, yaani wamejiajiri wenyewe, wakati wana bosi, wana saa za kuingia, na hata likizo ya ugonjwa hawana. Akaongea sana.

Mirela akataka ukaguzi wa vyoo na maji ya moto kwenye site, na vyoo vya wanawake vyenye kitasa. Akasema, "Mimi sinywi chai mpaka nirudi nyumbani. Mnajua kwa nini." Mbunge, naye ni mwanamke, akaandika haraka.

Kisha mbunge akamgeukia ami, kwa adabu kabisa: "Na wewe, una lolote la kuongeza?"

Ami akaweka mkono kifuani. "No, no, thank you. Wenzangu wamesema vizuri sana. Na wewe una kazi nyingi."

Mbunge akatabasamu. Akafunga faili.



Kevin alimtazama ami kama mtu aliyeona basi lake linaondoka. Yeye alielewa kuwa ami amebadili mawazo. Mirela naye hivyo hivyo. Chumba kizima kilielewa "no".

Mie peke yangu nilijua kuwa ami hajakataa kitu.

Kwetu mgeni akikaribishwa chakula husema "nimeshiba" huku tumbo linanguruma. Ni heshima. Mama naye anajua, atasema "hata kidogo?" Mgeni atakataa tena. Mama ataweka sahani. Hapo ndipo mgeni anakula, na anakula kweli. Ami alikuwa anasubiri aulizwe tena. Ndiyo maana alikuwa bado amekaa wima, mkono kifuani.

Na hakuna aliyekuwa anakwenda kumuuliza.

Mbunge akaanza kusimama. Denise akanitazama nikafungue mlango. Nikainuka. Sauti ikatoka kwa Kiswahili kabla sijaiamuru:

"Hata kidogo, Ami?"



Ami akanitolea macho. "We mtoto! Tuliambizana nini?"

"Sema basi, Ami. Hata dogo tu."

Mbunge akatuangalia. "Mnajuana?"

Ami akashusha pumzi, akajibu kwa Kiingereza: "Ni binti wa kaka yangu. Lakini leo hatujuani."

Kevin alicheka hadi akakohoa. Mbunge akakaa tena. Ikabidi nieleze, nikiangalia zulia, kuwa kwetu "no" ya kwanza ni ya adabu. Denise hakunikaripia. Alinisogezea kiti karibu na meza.

Hapo ami akasema. Hakusema mengi. Alitaka sheria iseme kuwa mwenye karakana ndiye mwenye wajibu: jiwe likatwe na maji, na kila anayelikata apimwe mapafu kwa gharama za karakana, awe ameajiriwa au ameandikwa self-employed. Maana sasa hivi bosi anamwambia, "Wewe si mtu wangu, mapafu ni yako."

Mbunge aliuliza maswali mengi, na mazuri. Kama karakana inafungwa na kufunguliwa kwa jina jingine, nani anashikwa? Kevin akajibu hapo ndipo dai lake na la ami ni ndugu. Walibishana vizuri tu, nikasahau kuandika.

Nilijifunza pia kuwa mbunge wa kawaida hana uwezo wa kuleta sheria anavyotaka. Anaweza kupeleka swali la maandishi kwa waziri, au kutafuta muswada ulioko njiani aombe kifungu kiongezwe. Au asubiri bahati nasibu, ndiyo, wanachaguliwa kwa kura ya bahati wabunge watakaoleta muswada wao. Nilidhani ananitania.

Mwisho akamuuliza ami, "Na wewe mwenyewe, umepimwa?"

"Mimi mzima, thank you, alhamdulillah."

Mbunge akaitazama kalamu yake. Akanitazama mimi. Kisha akamrudia ami, polepole: "Nakuuliza tena."

Ami Kiingereza anakijua vizuri. Lakini alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili:

"Mwambie sijapimwa. Mwambie naogopa."

Nikamwambia. Mara hii sikuangalia zulia.

Basi wakuu. Swali lilipelekwa kwa waziri. Jibu likaja refu, linasema serikali inaliangalia. Kevin anasema hilo si "hapana", na yeye ataendelea kugonga. Ami alikwenda na baba kupigwa picha ya kifua, majibu hayajatoka. Nyumbani hatuulizani, tunaangalia simu yake tu ikilia. Yeye ndiye aliyeniruhusu kuandika hapa.

Nilichojifunza ni kwamba pale panapotengenezwa sheria watu huulizwa mara moja tu. Adabu yetu siitupi, ila mtu wa kwetu akienda kule, bora aende na mwenye kuijua.

Karibuni mchangie. Wabunge wa huko Bongo, Zenji au Kenya huwa wanauliza mara ngapi? Na fundi yeyote humu anayekata tiles, terrazzo au mawe: umepimwa kifua?

Ukiniambia uko sawa, nitakuuliza tena.