Kori Moja, Kori Mbili na Flashi ya Mama

Enzi zetu, na nikisema enzi zetu namaanisha nilipokuwa darasa la tatu, mtoto wa Gungu, hapa Kigoma, hakutembea na gemu mfukoni. Msicheke. Sasa hivi niko kidato cha nne, nina ndevu tatu, na nikiwatazama hawa wa kidato cha kwanza wanavyoshindwa hata kujificha kwenye kombolela, naona nina haki ya kusimulia kama babu.

Nakumbuka tulivyokula ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese mpaka vidole vinabaki na rangi ya machungwa, kisha tunakimbilia kombolela bila kunawa. Aliyejificha vizuri kupita kiasi alisahaulika hukohuko mpaka mama yake amwite kuoga. Miaka hiyo wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wanaingia kwa wingi, na magari meupe ya mashirika yalipita barabarani siku nzima. Tuliyapungia mikono mpaka mabega yanauma. Mtaani walikuwepo pia watoto waliofikia kwa ndugu zao, na kwa kuwa Kiha cha hapa na Kirundi ni watoto wa nyumba moja, tuliweza kutukanana nao bila mkalimani.

Basi shirika moja likabadilisha kompyuta zake, na zile kuukuu zikaishia bandani kwa Fundi Shabani, karibu na kijiwe cha bodaboda. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alihamishiwa Kigoma kutoka Singida na mpaka leo analalamikia mvua za huku. Akatangaza kwamba atanunua kompyuta moja ya kuchapia mitihani. Mimi na dada yangu Neema, aliyekuwa darasa la sita, tulisikia neno moja tu: gemu.

"Chezeni mpendavyo," Mama akasema. "Ila siku itakayoganda nikiwa na mtihani wa watoto wa watu, naiuza siku hiyohiyo. Gemu litakalobaki hapa ni la kuosha vyombo."

Kwa Fundi zilibaki mashine mbili. Ya kwanza nyeusi, inawaka taa za bluu ubavuni, na stika yake inaonyesha kasi ya gigahezi tatu na ushee. Ya pili ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na kasi yake haikufika hata mbili. Fundi akatueleza kwamba ile nyeusi prosesa yake ina kori moja, yaani ubongo mmoja wa kufanyia kazi, na ile ya meno ina kori mbili. Mimi hesabu nilikuwa naziweza. Tatu ni kubwa kuliko mbili. Nilishafunga ndoa na nyeusi kabla hajamaliza kueleza.

Jioni nikaenda kutamba barazani, ambako Neema alikuwa anasukwa twende kilioni na Dada Espe. Huyu alikuwa Mrundi, ameruhusiwa kutoka kambini kumsindikiza mama yake hospitali, wakafikia kwa jirani yetu. Kwao Bujumbura alikuwa anasimamia chumba cha kompyuta, watu wanakuja kuchapa barua na kucheza gemu. Huku alikuwa anasuka nywele.

"Nyeusi ndiyo ya gemu," nikasema. "Namba yake kubwa."

Dada Espe hakuinua macho. "Bwana mdogo, mimi na mama yangu, nani anasuka haraka?"

"Wewe."

"Ego, ndiyo. Sasa mimi nikae peke yangu, na upande ule wakae mama yangu na shangazi yangu, wote wa polepole. Nani watamaliza kichwa kwanza?"

"Wale wawili," Neema akadakia, akavutwa nywele atulie.

"Lakini kichwa kikiwa na msuko mmoja tu, shangazi atabaki ameshika kitana. Gemu zenu hizi za zamani ni msuko mmoja. Hapo nyeusi inashinda."

Nikaruka juu.

"Oya, ngoja kwanza, sha. Wewe unacheza, antivairasi inakagua, muziki unaimba, mama yako ameacha mtihani wazi. Hivyo ni vichwa vinne. Msusi mmoja atakimbia huku na kule, na wote mtarudi nyumbani nusu kichwa."

Maneno hayo yakamfikia Fundi Shabani. Siku ya pili Dada Espe alipopita bandani kwake, Fundi akamwuliza mbele ya watu, "Msusi na prosesa wapi na wapi?"

"Hata wewe Fundi una kori mbili," Dada Espe akajibu, "ila moja naona imelala." Vijana wa bodaboda walicheka mpaka abiria akaondoka kwa miguu.

Mama hakubishana na mtu. Alisema tutaonja. Mnaojua soko la Kibirizi mnaelewa: dagaa hawanunuliwi kwa macho. Unazamisha mkono mpaka chini ya fungu, unatoa mmoja, unatafuna. Mchanga ukilia menoni unasogea kwa mwingine, na muuzaji hanuni. "Wa juu ni wa mgeni," Mama alikuwa akisema, yeye ambaye ni mgeni. Kwa hiyo Jumamosi kila mashine ingecheza gemu huku muziki unaimba na antivairasi inakagua flashi yake ya shuleni. Flashi ile ilipita kwa kila mwalimu na kila duka la fotokopi. Ilikuwa na virusi vya makabila yote.

Nikajua nyeusi wangu atatafuna mchanga. Kabatini Mama alikuwa na flashi nyingine ya aina ileile, mpya, haijaguswa. Ijumaa nikazibadilisha. Ile yenye maradhi nikaificha ndani ya soksi, na Jumamosi nikaivaa soksi hiyo, maana Neema alikuwa na tabia ya kupekua.

Bandani, gemu lilikuwa la mbio za magari. Nyeusi ilipaa. Ya meno ikafuata kwa nyuma kidogo, kama mtu anayekwenda kulipa faini. Mama akachomeka flashi kwenye nyeusi, antivairasi ikamaliza kazi kabla hujapepesa jicho: safi. Gari likaendelea kupaa. Fundi akatabasamu, Mama akafungua pochi.

Dada Espe, aliyekuwa ametusindikiza, akainama sikioni kwangu. "Flashi ya mama imepona lini? Juzi nilimchapia barua pale fotokopi, niliogopa hata kuishika."

Nikatazama taa za bluu.

"Mimi sisemi," akaendelea. "Mimi Jumatatu narudi kambini. Mashine utaishi nayo wewe."

Alinyooka akaanza kujichana, kana kwamba hakuna lililotokea. Afadhali angenifinya. Akilini nilimwona Mama kwenye meza ya chakula na karatasi za mtihani, kompyuta imeganda, halafu banda la Fundi, nyeusi inarudishwa juu ya baiskeli, halafu masufuria. Nikakaa chini, nikavua kiatu.

"Mama," nikasema, "umeonja dagaa wa juu."

Alitazama flashi, akatazama soksi, akanitazama mimi. "Ayubu." Basi. Wanyaturu wa Singida hawapigi kelele.

Akaishika kwa ncha za vidole, akaichomeka. Nyeusi iliingia kona, gari likaruka tuta, likabaki hewani. Muziki ukawa silabi moja inayojirudia. Fundi akaipiga mbavuni, gari likashuka, likaganda tena. Ya meno nayo ilisitasita, sitaki kuwadanganya, na antivairasi ilipiga mayowe kama imeona nyoka, lakini gari lilikwenda, likazunguka, likafika mwisho. Mama akanunua ya meno. Mimi nikapewa vyombo mwezi mzima, ila gemu lilikuwa letu.

Jumapili nzima Dada Espe alinifundisha kufungua boksi na kupangusa vumbi, na akanionyesha kile kiprosesa, kidogo kama biskuti. Jumatatu akaondoka na mama yake. Sasa anafundisha kompyuta vijana wa kambini. Hunitumia ujumbe wa sauti kuuliza nimefika wapi na masomo, nami hudanganya kidogo tu.

Enzi hizo tulibanana watoto sita kwenye kibodi moja, mmoja anashika usukani, mmoja breki, wanne wanatoa ushauri usioombwa. Leo mdogo wangu Daudi ana simu yenye kori nane, anacheza peke yake, na nyumba imekuwa kimya kama chumba cha mtihani. Jumamosi iliyopita umeme ulipokuwa unarudi na kukatika, simu yake ikaisha chaji. Uliporudi sawasawa akanikuta kwenye ya meno, akacheka magari yetu ya pembe nne. Nikamwambia ashike breki. Alichelewa kuikanyaga, tukaingia mtaroni, akaenda kuwaita watoto wa jirani waje waone. Mama alipokuja kudai nafasi yake, walikuwa watano kwenye benchi moja wanagombania breki, na hakuna aliyejua simu yake iko wapi.